Msinisemeshe Nikishakufa

Zimeni simu zenu kwanza. Zote mbili, na ile yako ya mfuko wa nyuma, mwanangu, usidhani siioni. Ipeleke jikoni uifunike na sufuria, kisha urudi uketi karibu na dada yako, maana nitakalosema nalisema mara moja kwa pumzi hii hii iliyobaki, na sitaki lihifadhiwe popote ila masikioni mwenu.

Sikilizeni, wanangu. Mnajua kazi niliyowalea nayo. Miaka ishirini na sita nilikuwa opereta wa simu, nimekalia kiti kisicho na mgongo mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, nachomeka waya huku, nachomoa kule, ili huyu apate kuongea na yule. Amri ya mkubwa wetu ilikuwa dakika tatu kwa kila mtu, zikiisha unakata, hata kama mtu yuko katikati ya kilio. Mama yenu alikuwa karani wa stoo ya hospitali, akipiga kila asubuhi kuagiza dawa, na kigugumizi chake mlikijua wenyewe. Dakika tatu zilimwishia kwenye neno "naomba". Wenzangu walimkata huku wanacheka. Mimi nikawa namsubiri, mpaka mkubwa akaniandikia barua ya onyo, na barua hiyo ndiyo ilikuwa posa yangu, sikupeleka nyingine.

Kisha ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, tukaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Nikasema haya, kila zama na kitabu chake. Lakini leo ukipiga hospitali kumuulizia mgonjwa, sauti ya mwanamke ambaye hajazaliwa inakuambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Daktari wangu anatazama kioo chake toka naingia mpaka natoka, juzi nimevaa shati nje ndani wala hakujua. Wajukuu wananisalimu kwa vikatuni vinavyopunga mkono. Sikatai, hiki kidude nilichoshonewa kifuani kimeniongezea mwaka. Hata hivyo naona kinyaa, na leo nawatapikia.

Kinyaa changu kikubwa ni wewe, mwanangu wa kiume. Siku ile tulipokusanyika sebuleni kumkumbuka mama yenu, miezi saba baada ya kumzika, ulisimamisha simu yako mezani ukasema umetuletea zawadi. Ulikuwa umeilisha mashine sauti zote alizokuwa akikutumia, na picha yake ya kitambulisho. Akafumbua mdomo. Akasema, "Binti yangu, nimekusamehe, ishi kwa amani," maneno yakateleza kama mafuta, bila kukwama hata mara moja. Mke niliyeishi naye miaka thelathini na tisa hakuwahi kulitamka neno "binti" kwa pumzi moja. Nikatoka nikatapika kando ya tangi la maji, mkadhani ni presha. Na wewe, binti yangu, ulilia, ukamkumbatia mdogo wako, na tangu siku hiyo hukuuliza tena kama mama yako alikufa na kinyongo nawe. Uliridhika. Hilo ndilo lililoniuma.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa mama yenu ulikuwa na mwenyewe.

Ugomvi wako na mama yako naujua, binti yangu. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanao, mama yako alisimama kumshukuru mwalimu, akakwama, nawe ukammalizia neno mbele ya watu, ukasema ana malalamiko. Akaketi. Njiani akakwambia kwa kuwa unayajua maneno yake, basi uyaseme mwenyewe, na miaka minne hakukusemesha tena mpaka akafa.

Sasa sikieni nilichowaficha. Nyani haoni kundule. Namtukana huyu kijana na mimi nilimtangulia kwa uchafu. Mama yenu aliacha neno. Jumanne ile wodini, wewe, binti yangu, ukiwa bado njiani, alinishika mkono akaanza kusema, na ilimchukua muda mrefu, muuguzi aliingia akabadilisha dripu akatoka, yeye bado anasema. Alisema hivi: "Mwambie mimi ndiye niliyekosa. Nilimtwika mdomo wangu tangu ana miaka sita, dukani, zahanati, kwa mwenye nyumba, halafu nikamkasirikia alipoutumia. Yeye ndiye wa kunisamehe." Mimi, opereta, nilipewa ujumbe nikaukalia. Hukumkuta hai, nikakasirika, nikataka uje kwanza unipigie magoti. Nikangoja wiki, nikangoja mwezi, mashine ya mdogo wako ikanitangulia na uongo wake mtamu, na baada ya utamu ule nikaona haya kuleta ukweli. Majuto ni mjukuu, na wangu nimempakata hapa.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Nyumba ni yenu wawili, asiuze mmoja bila mwenziwe. Vile vifaa vyangu vya masikioni vya kazini ni vyako, mwanangu, vikukumbushe kwamba kazi yetu ni kuunganisha watu, si kuwasemea. Ule uongo ufute leo mbele ya dada yako, wala usiniambie umebaki mahali. Sauti za mama yenu za kweli ziacheni na kukwama kwake kote. Na mimi msinisemeshe kwa mashine. Nikifa nimekufa. Mkikumbuka nilichosema, semeni baba alisema, msipokumbuka, nyamazeni.

Mungu awalinde, wanangu, awape watu wa kuwasikiliza mpaka mwisho... Njoo wewe, kijana, nikuguse kichwa. Nimekukaripia, sijakulaani. Radhi zangu unazo.

Sogea, mama, wewe binti yangu. Zaidi, sauti inaniishia... Ninakokwenda ndiko aliko mama yako, na ataniuliza. Ameomba umsamehe. Mdogo wako asikusaidie kujibu, na usinipe jibu zuri kwa kuwa nakufa... Nipe lako. Hata likiwa hapana, mama, nitamfikishia hivyo hivyo.