Maman Ingénieur na Maji Yasiyofika Mia

Tarehe 31 Mei 2024, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Ingénieur Georgette Cibalonza anastaafu kazi ya mkuu wa uendeshaji katika Kituo cha Mvuke cha Lwiranga, hapa Bukavu. Wenzangu wameniomba mimi, Placide wa boila, niandike wasifu wake. Wanadai hakuna aliyekaripiwa naye mara nyingi kuliko mimi. Sibishi.

Alizaliwa Luberizi, bintiye mkulima wa mpunga, akasomea ufundi wa mashine Lubumbashi. Siku ya kwanza alipofika hapa mwaka 1992, mlinzi wa geti alimuuliza ni mke wa nani, akamwelekeza kwenye mlango wa jikoni. Alimjibu kwa upole kwamba amekuja kuolewa na turbini. Mlinzi huyo ndiye aliyekuja kuwa mshabiki wake mkubwa, na kila asubuhi alipomwona akishuka kutoka mtaani kwake Muhumba na mwavuli wake, alifungua geti lote, hata kama mwenye kupita ni mtu mmoja tu.

Kwa maneno yake ni mkali, na tumezoea. Akiona mvuke unavuja kwenye kiungio cha bomba, atakwambia kwamba ule ni mkaratusi mzima unapaa mbinguni bila hata kupewa sakramenti. Lakini haba na haba hujaza kibaba: viungio vilizibwa, na matumizi ya kuni yakapungua.

Kwa wageni watakaosoma jarida letu: hapa tunachoma miti ya mikaratusi. Boila inageuza maji kuwa mvuke, mvuke unazungusha turbini, turbini inatoa umeme wa kiwanda cha chai na mitaa ya jirani. Mvuke uliochoka unaingia katika condenseur, pipa kubwa lenye mirija ya maji ya ziwa, unapoa, unakuwa maji tena, na safari inaanza upya. Ufanisi wa mzunguko huo ni swali moja: katika kila sehemu mia za joto tulizoutia mvuke, ngapi zimegeuka kuwa kazi? Presha ndani ya condenseur ikiwa ndogo, mvuke unafanya kazi zaidi kabla ya kupoa. Hesabu hiyo ilikuwa ya Maman Georgette, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mwaka 2011 bodi ya ushirika wa chai, ambao ndio wenye kituo, ilitaka kuhamia kwenye jenereta za mazutu, yaani dizeli. Ikaweka sharti: ufanisi ukiwa chini ya ishirini na moja kwa mia, kituo kifungwe na sisi sote turudi nyumbani. Maman akapiga hesabu, akapata chini kidogo ya ishirini. Akairudia, ikawa ileile, akaipeleka kwa bodi kwa sababu hajui kuficha namba. Nakumbuka sana siku hiyo. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na sikujua nitamwambia nini mke wangu.

Kwenye karatasi, mkosaji alikuwa condenseur: presha yake ilionekana kubwa mno, maana yake inavuta hewa kutoka nje. Tukalitafuta tundu kwa mshumaa, tukiupitisha kwenye kila kiungio, maana penye tundu mwali huvutwa ndani. Mwali ulisimama wima kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Tundu hatukuliona.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa presha ile ya kwenye karatasi, maji yanayotoka condenseur yalipaswa kuwa na joto la digrii sitini na sita. Kipimajoto kilisema arobaini na sita. Tukakiita mwongo. Delphin, mtunza depo ya vipuri, aliweka birika kwenye babula, jiko letu la makaa, maji yakachemka, akakitumbukiza: tisini na tano. Na shuleni sote tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa mia! Akakitupa, akaleta kingine. Nacho, kwenye condenseur arobaini na sita, kwenye birika tisini na tano. Akafungua cha tatu, kipya kabisa. Kikasema yaleyale.

Delphin alikuwa ameshaanza kumlaani muuzaji. Maman aliketi juu ya kasha la vipuri, akacheka mpaka akatoa leso. Alikuwa amemkumbuka mama yake, ambaye kila akipanda kutoka Luberizi kumtembelea hulalamika kwamba maharage ya Bukavu yanakula makaa. Bibi yule alisema kweli. Huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kabla ya kufika mia, ndiyo maana maharage hukawia kuiva.

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kipimo cha condenseur hakisemi presha iliyomo ndani. Kinasema tu imeshuka kiasi gani chini ya hewa ya nje. Kuipata presha yenyewe, unaitoa namba hiyo katika presha ya hewa. Maman alikuwa akitumia presha ya hewa ya vitabuni, ambayo ni ya usawa wa bahari. Yetu imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Alipoiweka hewa ya Bukavu mahali pake, condenseur ikawa nzima, vipimajoto vyote vikawa wakweli, na ufanisi ukapanda hadi ishirini na mbili na ushee.

Mkurugenzi wetu, Papa Adalbert, alimshauri kwa nia njema aiambie bodi kwamba condenseur imetengenezwa, ili asiaibike mtu. Maman alikataa. Alijua kwamba akisema kweli wanaweza kumfukuza, na pengine wasiiamini namba mpya. Akaingia kwenye kikao cha bodi na babula, birika na kipimajoto, mimi nikiwa nyuma yake na mfuko wa makaa.

« Ba-Papa, kosa iko yangu, haiko ya mashine, » alisema. « Maji ya hapa kwetu inachemukaka ku quatre-vingt-quinze. Miye nilihesabia centrale yetu sawa vile iko Matadi, kule chini karibu ya bahari. »

Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini aamini hesabu ya pili ya mtu aliyekosea ya kwanza. Swali lilikuwa la haki, na mimi nikakoleza makaa mpaka maji yakatokota.

« Usiniamini miye, Papa. Kamata thermomètre, utie mwenyewe. »

Mjumbe alikunja mkono wa koti, akakitia, akasoma kwa sauti: tisini na tano. Akakifuta, akakitia tena. Kisha akaomba kura ipigwe, na mkono wake ndio uliotangulia kuinuka kukitetea kituo. Tulishangilia hadi mlinzi akadhani boila imepasuka.

Tangu hapo Maman hakulala juu ya ushindi. Alifunga kifaa cha kupasha maji kabla hayajaingia boila, kwa mvuke unaochotwa katikati ya turbini, na leo tunazidi ishirini na nne. Amemfundisha Ingénieur Aimée, anayeshika nafasi yake, na kila mfanyakazi mpya huanza kazi kwa kuchemsha birika. Mama yake, alipopelekewa habari pamoja na gunia la makaa, alisema yeye alilisema zamani, wakadhani anasema maharage.

Mimi nilibaki na kazi. Wanangu wanne wamemaliza shule kwa kazi hiyo, na mmoja anasomea mashine. Nimewahi kumwambia Maman jambo hili, akaniuliza kama nimekagua maji ya boila.

Sherehe ya kumuaga itafanyika ndani ya ukumbi wa turbini, na turbini haitazimwa. Ameomba mwenyewe, anasema hotuba hazistahili kukatiwa watu umeme. Basi tutapaza sauti kuishinda mashine: asante, Maman Georgette, uliyeweka jina lako rehani ili sisi tubaki na kazi. Ustaafu kwa amani ya moyo, Mungu akuzidishie miaka, na ukitusikia kutoka Muhumba tunanguruma, ujue sote tupo kazini.