Mkono Uliogoma Kuupita wa Wifi

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba, muda mwingi akikalishwa kiti cha mbele, maana mdomo wake haukuwa na breki.

Mwaka 1982 aliajiriwa kwa dobi mmoja mkubwa, akapiga pasi mashuka ya hoteli mpaka akawa msimamizi. Agosti 1984 aliolewa na dereva wa hapohapo. Dada wa mumewe, yaani wifi yake, naye akaingizwa kazini, kwenye meza ya pasi.

Hapa wifi ametuamuru tusimpake marehemu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wifi alipolalamikia bega, marehemu alimjibu mbele za watu, "Bega haliumi, wifi. Kinachouma ni uvivu." Wifi akaendelea kupiga pasi hadi bega likakakamaa, asiweze hata kujichana nywele. Akaacha kazi.

Mcheka kilema hafi bila kumfika. Mwaka 2011 bega la marehemu nalo likagoma. Muuguzi akampeleka kwenye darasa la yoga la wanawake wenye maumivu ya mabega. "Mimi huyu nikunjwe kama shuka?" alicheka. Lakini taratibu, viganja ukutani, pumzi ndani, pumzi nje, misuli ikalegea. Akaweza kulalia ubavu ule, akafunga sidiria mwenyewe. Siku mkono ulipofika rafu ya juu jikoni, alikaa sakafuni akalia. "Wifi naye angepona," alisema, "kama si mdomo wangu."

Kesho yake alikwenda kumbishia hodi. Samahani hakusema. Alisema tu, "Vaa, tunachelewa."

Bega la wifi lilikuwa limechelewa kutibiwa. Maumivu yalipungua sana, ila mkono haukuvuka usawa wa sikio. Basi na wa marehemu ukawa unaishia hapohapo. Mwalimu wa yoga akamgombeza, "Mama, unajirudisha nyuma!" Wapi! Bega likaanza kumuuma upya, nasi tukadhani ni uzee.

Saratani ya ini ilimlaza Novemba 2023. Wifi ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.

"Ulidhani sioni?" wifi alimuuliza siku moja. "Miaka yote hiyo unaubana mkono kwa ajili yangu. Hebu nyanyua."

"Nilikukosea, wifi yangu."

"Najua. Nyanyua nione."

Akanyanyua. Ulipofika sikioni ukakwama, wifi akaushika kwa mkono wake mzima, akausindikiza hadi juu. Wote wawili wakalia, kisha wakacheka.

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Januari 2024, akiwa nyumbani.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na wifi, ambaye leo amejichana nywele mwenyewe. Wifi ameomba tumalizie kwa maneno yake: "Nilimsamehe siku ile ile aliponibishia hodi. Sikumwambia. Nilitaka aniombe kwanza."

Mama Pasi apumzike kwa amani.