Ukurasa wa Kumi na Saba wa Mwalimu Shehe

Mwalimu Shehe Mbwana anastaafu tarehe 31 Julai 1972, baada ya kufundisha hesabu katika shule yetu hapa Msambweni kwa miaka ishirini na minne. Kumi na tisa kati ya hiyo aliitumia pia kupiga hesabu za nyota ambazo hakuna aliyepata kuziona, yeye mwenyewe akiwamo.

Ni zile nyota kubwa zinazojiporomokea zenyewe hadi mwanga wake ukashindwa kutoka. Siku hizi wataalamu wanaziita mashimo meusi. Sisi wa chumba cha walimu tulizipa majina yetu, nayo hayachapishiki.

Tulimsaidia kwa kila hali. Mwaka 1964, taifa likiwa changa na kila mtu akiulizwa anajenga nini, mkaguzi mmoja alitoka Matuga kuja kujua nyota hizo zitaongezaje zao la korosho. Mwalimu alimpokea kwa heshima, akamkaribisha kahawa, akamjibu kwamba hadhani kama zitaliongeza. Mkuu wa shule wa wakati huo akamkabidhi bustani ya mihogo, asije akakosa la kufanya.

Mwaka uliofuata alikamilisha uthibitisho wake, kurasa thelathini na moja kwa mkono, akauweka ofisini upigwe taipu na kupelekwa Ulaya. Rasimu hakuwa nayo. Alikuwa akifikiri kwenye ubao na kufuta. Na desturi yetu mnaijua: karatasi za mitihani iliyopita hupelekwa kwa Bi Khamisa, mpishi wetu, naye hufungia mahamri. Asubuhi ile mwerevu mmoja alizoa zote bila kusoma. Kufika mapumziko ya saa nne, shule nzima ilikuwa imeshika elimu ya juu kabisa, imelowa mafuta.

Mwalimu alipita darasa kwa darasa akiomba makaratasi. Bi Khamisa alilia, na aliyembembeleza ni yeye. Zilipatikana kurasa thelathini. Ya kumi na saba, iliyobeba hoja yote, haikuonekana, na kuitunga upya kulimchukua miezi kumi na mmoja. Jibu la Ulaya lilikuwa la adabu sana: hesabu ni sahihi kabisa, ila kuna bwana aliyechapisha hiyohiyo miezi saba nyuma.

Mwerevu yule ni mimi. Sikusema, naye hakuuliza, nami nikajipongeza kwa kuficha. Tangu mwaka ule, kila Ijumaa baada ya swala, Mwalimu huniwekea mezani mahamri mawili yaliyofungwa kwa karatasi mpya, isiyoandikwa kitu pande zote mbili. Miaka yote hiyo nimeyala, nikiwaambia wenzangu kwamba mtu huyu hajui la duniani. Wiki iliyopita ndipo nilipoitazama ile karatasi.

Mwalimu, niwie radhi. Kwa niaba ya wote, ahsante kwa kutuvumilia. Mola akupe afya, umri na ubao mpana huko kwenu Diani. Ijumaa hii mahamri nitaleta mimi.

Kalama Charo
Karani wa shule