Mzee Cleopa na Jani la Bi Yudith

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Cleopa Makarius anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya sigaa hapa Kilosa. Alianza kwa kuchambua majani ya tumbaku, akapandishwa kuviringisha, kisha akawa mwonjaji mkuu. Kwa wasiozijua, sigaa ni zile sigara nene za kuviringishwa kwa mkono, ambazo wageni wa hoteli za Mikumi huzivuta polepole wakisharudi kutoka kutazama wanyama. Hakuna mzigo uliopanda gari kwenda Mikumi kabla yeye hajauonja.

Kazi yake haikutaka haraka. Aliigeuza sigaa mwangani akitafuta ufa kwenye jani la nje, akaibonyeza kwa vidole, akainusa, akakata ncha na kuvuta hewa tupu kabla ya kuwasha. Moshi aliuzungusha mdomoni na kuutoa. Kuumeza ni mwiko. Alitufundisha kwamba sigaa nzuri huanza na harufu ya udongo ulioonja mvua, katikati ikaja kahawa, na mwishoni haichomi ulimi. Jivu lisiposhikamana, hana mazungumzo nawe.

Siku ya kuonja hakuna kula vitunguu wala kujipaka manukato, na hata shikamoo husubiri. Mwenzetu Naishorua alipoajiriwa hakulijua hilo. Akamwamkia kwa adabu zote wakati mdomo wa Mzee umejaa moshi. Mzee hawezi kuiacha shikamoo bila jibu. Akaitika marahaba, akaumeza moshi wote, akakohoa mpaka saa ya chai. Tulicheka jamani, na bado tunacheka.

Lakini msidhani ilikuwa raha tupu. Mkewe, Bi Yudith, analima tumbaku Munisagara na hutuletea majani. Ili asimpendelee mtu, Mzee huonja bila kujua jani ni la nani. Jina hutajwa akishaamua. Basi, misimu mitatu mfululizo akalikataa jani la mkewe: kali, linauma koo, halikuvundikwa likaiva vya kutosha. Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, lakini huyo mpenzi wa Mungu nyumbani alikula ugali bila kusemeshwa. Munisagara watu walimcheka Bi Yudith mpaka kanisani, eti hata mumewe hataki tumbaku yake. Iliniuma hata mimi. Bi Yudith akaapa kwamba likikataliwa tena, anaacha kilimo cha tumbaku alichoachiwa na mama yake na kupanda ufuta.

Mwezi uliopita likaja jani lake jipya, safari hii limevundikwa likatulia. Sote tulijua ni la nani isipokuwa Mzee. Alivuta, akavuta tena. Naishorua akashindwa kutazama, akatoka nje. Mwishowe Mzee akasema tangu aanze kazi hajaonja jani laini namna ile, mzigo uende Mikumi.

Tulipomtajia jina hakufurahi, alishtuka. Aliogopa kwamba moyo umempendelea mkewe bila yeye kujua, akaomba kesho yake tuichanganye sigaa ile na nyingine aonje upya. Akaichagua ile ile. Hapo ndipo alipolia mbele yetu, mtu mzima, bila aibu.

Bi Yudith hakulia. Alisema amekataliwa hadharani, basi na akubaliwe hadharani. Jumapili, wakati wa matangazo, Mzee Cleopa akasimama kanisani. Mchungaji alikuwa amemwonya mapema kwamba habari za kuvuta zisitajwe humo, kwa hiyo alisema kwa kifupi tu kwamba zao la mkewe ndilo bora kuliko yote aliyowahi kuyapima, na waliomcheka sasa wampigie makofi. Wakapiga. Mchungaji naye akapiga.

Mzee Cleopa, asante kwa ulimi usiodanganya, na kwa uvumilivu wako kwetu sisi wabishi. Tunakuombea afya na miaka mingi ya amani. Tumesikia kuwa kuanzia Julai utakuwa kibarua katika shamba la Bi Yudith, na kwamba ameshatangaza yeye ndiye atakayekagua kazi yako.