Siku Tuliyotaka Kumpeleka Mjomba Kiabakari

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe yeye aliyenisimamisha mbele yenu leo, mimi niliyezoea kukaa karibu na mlango.

Ninaitwa Magesa, fundi cherehani hapa mtaa wa Mukendo. Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu, miaka ile ya uhaba, hata kitambaa cha sanda kilikuwa cha kutafuta. Mitumba ilipojaa sokoni wengi waliacha cherehani, mimi nikawa narekebisha hiyo hiyo mitumba. Mshono ukipinda kidogo nilifumua wote. Nilikuwa mtu wa kuogopa kosa.

Basi macho yakaanza. Jua likizama, sioni. Kisha hata mchana nikawa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari akasema ni ugonjwa wa ukoo, unatoka upande wa mama, na dawa hakuna. Mjomba wangu Wambura, kaka wa mama, anayeishi nyumbani kwetu Butiama tangu afiwe na mkewe, haoni kabisa. Nilipomtazama nilijiona mwenyewe. Ndugu zangu, sikumwambia mtu, hata mama! Chakula kilinishinda, usingizi ukanikimbia.

Katika hofu hiyo nikamchumbia Nyangeta wa Bunda. Mnajua desturi yetu: kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, wazee wa binti huja kuuchunguza ukoo. Kuna kifafa? Kuna uchawi? Kuna upofu? Nyumbani wakaamua siku hiyo mjomba ashinde Kiabakari kwa rafiki yake. Mimi nikatumwa kumfikisha barabarani apande gari.

Mjomba alivaa koti lake safi. "Leo naenda machimbo ya Kiabakari kuchimba dhahabu, eti?" akacheka. Nikamshika mkono, tukatoka. Hatukufika mbali. Nilimvaa mbuzi aliyefungwa kando ya njia, tukaanguka sote wawili, mbuzi akipiga kelele kutushinda.

"Magesa, mbuzi mzima, mchana kweupe, hukumwona?"

Nikainuka, nikamwinua.

"Mimi nilianzaga hivyo hivyo. Baiskeli, mbuzi, halafu watu. Tangu lini, mwanangu?"

Nililia kama mtoto. Akanipangusa vumbi kwa kupapasa, kisha akauliza, "Binti wa watu anajua?" Nikasema hapana. "Haya, leo unanificha mimi. Wewe atakuficha nani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu aliponikamata! Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilimsikia mzee aliyejaa vumbi. Tukageuka. Tuliingia wageni wameshakaa, mama akashika kichwa. Nikampa mjomba kiti, nikasema yote, yake na yangu.

Mzee mmoja wa upande wa binti akamgeukia mjomba. "Na wewe uliishije na mke?"

"Vizuri tu, shemeji. Nilimwona akiwa msichana, halafu macho yakafunga. Kwangu hakuzeeka kamwe."

Walicheka, lakini waliondoka bila kugusa chakula. Mama akakusanya sahani zilizojaa. Nilijua nimempoteza Nyangeta, na bado nililala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu nionane na yule daktari. Huo ndio ukombozi wangu! Ulikuja kabla ya jibu.

Baadaye Nyangeta akaja hapa Mukendo, amenuna. "Kwa nini nimeambiwa na wazee, si na wewe?" Akaketi kwenye benchi la wateja. "Niambie mimi sasa. Yote." Nikamwambia, hata habari ya watoto tutakaowazaa, kwamba ugonjwa huu unaweza kuwafikia. Akainuka, nikaona nimekwisha. Kisha akasema, "Wazee nitawarudisha mwenyewe." Akawarudisha. Leo ndiye mke wangu.

Sitawadanganya, macho hayajapona. Yanazidi kufifia, na ziko siku ninaamka na huzuni. Lakini ile hofu ya kugunduliwa imekufa. Asante, Yesu!

Ndugu yangu, kama kwako yuko mtu mnayemfungia chumba cha uani wageni wakija, ukirudi nyumbani leo mtoe, mpe kiti. Na kama unayemficha ni wewe mwenyewe, mtumaini Mungu, mwambie mtu mmoja tu. Waweza kuanza na mimi. Njoo uniguse bega, maana ukisimama pembeni sitakuona.