Makofi kwa Fulana Nyekundu

Colleen alitaka kusinzia tu ndani ya basi hilo la Pittsburgh, lakini waliokaa mbele yake walikuwa wametoka kwenye matembezi ya kila mwaka ya kuchangia utafiti wa ugonjwa wa mishipa ya kichwani, na hawakumpa nafasi. Kijana alivaa fulana nyekundu, ya walionusurika mshipa ulipopasuka kichwani. Mama mmoja kando yake alivaa ya buluu, ya waliofiwa, yenye picha ya binti mwenye kofia ya manjano.

"Mwaka huu tumepiga hatua, mama," kijana alisema. "Utafiti unasonga, na watu wanajua kichwa kikiuma ghafla si cha kupuuzwa."

"Kila mwaka mnapiga hatua. Mimi kazi yangu kuwapigia makofi mkipita. Binti yangu huyu wa kwenye picha, kichwa kilipomuuma, aliambiwa akalale, ataamka mzima."

Kijana akainama kuitazama picha. Colleen akafumba macho, mapema mno.

"Si ndiye yule wa kwenye bango la matembezi ya mwaka juzi? Mama, hata mimi kichwa kiliponiuma nilikuwa naenda kulala. Nikaikumbuka hiyo kofia, nikaita ambulensi."

Basi likasimama. Mama akainuka taratibu, akashika nguzo.

"Basi mwakani njoo," alisema. "Makofi nitakupigia. Ila habari za hatua, usiniambie mimi."