Ersilia Malavasi, Mshika Ufunguo wa Bikira Maria wa Matete

Marehemu Ersilia Malavasi alizaliwa Mantova tarehe 9 Februari 1941, mtoto wa mzee Primo Bonfatti, fundi viatu, na mama Argia. Alisoma hadi darasa la tano, basi. Baba alisema masomo ya juu ni ya wavulana. Maneno hayo Ersilia aliyarudia hadi uzeeni, na si kwa kucheka.

Alishona soksi kiwandani tangu 1956. Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Dino Malavasi, mwashi, aliyetangulia mwaka 2009. Walijaliwa Learco na Marzia.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1978, paroko alimkabidhi ufunguo wa kanisa dogo la Bikira Maria wa Matete, lenye kuta zilizochorwa miaka mia tano iliyopita. Mshahara haukuwepo. Vitabu alijisomea jikoni, na wageni waliokuja kutoka pande zote za dunia kuitazama michoro ile waliondoka wakidhani wameongozwa na profesa. Waliofika na haraka zao wanamkumbuka.

"Mwanangu, hebu weka simu mfukoni," alimwambia bwana mmoja mbele ya malaika aliyechorwa ukutani. "Malaika huyu amekungoja miaka mia tano, wewe unamnyima dakika tano?"

Yule bwana akaketi. Akakaa saa nzima.

Mwaka 2015 Ersilia aliona unyevu ukutani, juu ya malaika yule. Mfereji wa paa ulikuwa umeziba. Aliiandikia ofisi yenye dhamana ya jengo barua kumi na saba, nakala tunazo. Hakujibiwa hata moja. Machi 2021 plasta ikaanguka, malaika akawa vumbi sakafuni. Hapo ndipo ofisi ilipopata ulimi. Ilimwita, ikamwambia mbele ya watu kwamba pumzi za wageni wake ndizo zilizoharibu ukuta, ikamnyang'anya ufunguo.

"Pumzi za watu haziozeshi paa, bwana mdogo," alijibu. "Panda ngazi ukajionee."

Hawakupanda. Alipanda Learco, mwanawe, akapiga picha, akazipeleka kwa wataalamu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Oktoba 2023 ripoti ya wataalamu ilitoka: ni maji ya mvua, si watu. Aliisoma kitandani hospitalini, ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani.

"Sasa waje waniombe radhi," akasema.

Hawakuja. Alifariki tarehe 3 Januari 2024, saa mbili asubuhi, na hadi mwisho, kila hatua za viatu ziliposikika koridoni, alikuwa akigeuza uso kutazama mlango. Mimi, mdogo wake Ivonne ninayesoma haya, nilikuwa nimemshika mkono.

Jana ofisi ile ilileta shada la maua, lenye utepe wa shukrani. Marzia amelirudisha. Tulingoja neno moja, tena akiwa hai.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne na mimi. Amani waliyomnyima duniani, Mungu ampe mwenyewe, kwa mkono wake.